Fundo Kati ya Kila Shanga

Kwanza mnisamehe mwandiko. Mkono wangu ni mzito kwenye kalamu, na shule yangu iliishia mwaka wa sita wa msingi, kwa hiyo mtakuta herufi zilizolala na nyingine nimezisahau njiani. Karatasi hizi zimenichukua siku nne. Nimemwomba dada katibu awasomee, maana nikisimama mbele ya watu sauti yangu hurudi tumboni. Nimekaa hapo nyuma karibu na mlango. Tafadhali msigeuke.

Salamu kwenu wote, wa kanisa na wa msikiti, na salamu za pekee kwenu wasichana mliofika juzi mkikimbia vita, ambao mnaanza kujifunza kazi pamoja nasi. Viongozi wa kikundi waliniagiza niwaandikie orodha ya vyombo ambavyo mtu anahitaji ili atengeneze shanga, bangili na hereni kwa mikono yake. Nilianza orodha. Niliandika neno moja, koleo, nikakwama hapo, maana nikiliona neno hilo naona mambo mengi nyuma yake. Basi nimeona niwaeleze jinsi nilivyoanguka na jinsi nilivyoinuka, na vyombo mtavikuta ndani. Nimeambiwa karatasi hizi zitapelekwa pia kwa wenzetu wa Lokandu na wa Lubutu.

Vita vilifika kijijini kwetu, kwenye barabara ya Lubutu, nikiwa na miaka tisa. Baba alibaki nyuma kufungulia mbuzi, hatukumwona tena. Naandika hilo kwa mstari mmoja kwa sababu wa pili siuwezi. Mama alinishika mkono, na mkono mwingine alibeba kopo la maziwa lenye vyombo vyake, kwa sababu tangu usichana wake alikuwa akitengeneza mapambo. Hakubeba sufuria. Watu njiani walimcheka, mwanamke anakimbia na shanga, atazipika na nini.

Siku ya tatu tukafika kwenye bariere, mti umelazwa barabarani na watu wenye silaha wamekaa pembeni. Mmoja akafungua kopo. Akachovya vidole kwenye shanga kama anatafuta kitu kingine chini yake, kisha akatoa koleo, akaifungua na kuifunga, akaitia mfukoni. Shanga alituachia. Nakumbuka mama alisema asante. Tulipokwenda mbali kidogo alilia, akaniambia angekuwa na akili angeficha koleo na kumpa yule mtu shanga zote.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, mtoto wa miaka tisa hakuelewa. Nilielewa tulipokwisha kufika hapa Kindu na kupewa mahali pa kulala Mikelenge, kwa familia moja iliyotuachia pia kipande cha shamba la mihogo. Mama alirudi kwenye kazi yake. Alitengeneza mikufu ya zile mbegu za kijivu zinazoota kwenye majani ya kando ya mto, ambazo Mungu alizitoboa mwenyewe. Lakini mkufu unahitaji ndoana ya waya, na waya unahitaji koleo. Mama alikunja waya kwa meno. Alifanya hivyo mwaka mzima, mpaka siku moja tukasikia mlio mdogo, akatema jino la mbele mkononi. Akaliangalia, akacheka, akasema koleo yake imevunjika. Tangu hapo akicheka hufunika mdomo. Kwa hiyo dada zangu, koleo ndiyo namba moja. Ukiwa na nafasi ya kupata chombo kimoja tu, pata hicho, na upate yenye ncha nyembamba.

Nilipomaliza mwaka wa sita, shule haikuendelea tena kwangu. Mama akanipeleka Alunguli, ng'ambo ya mto, kwa mama mmoja ambaye ni fundi wa shanga za kiunoni. Nilivuka kwa mtumbwi kila asubuhi. Mama huyo ana mkono mwepesi na ulimi mkali. Siku ya kwanza aliangalia uzi wangu, akasema, "Mutoto, unafunga shanga sawa na muntu anafunga mbuzi." Wenzangu walicheka wiki nzima. Lakini huyo ndiye aliyenipa kazi yangu yote. Alinionyesha kwamba shanga hazimwagwi mezani, zinamwagwa juu ya kipande cha blanketi ili zisikimbie. Alinionyesha kuchukua uzi mmoja mwembamba wa waya wa breki ya baisikeli, kuukunja katikati na kuusokota ukawa sindano inayopita hata kwenye shanga ndogo kabisa. Tulinoa spoki ya gurudumu juu ya jiwe, tukaitia kwenye jiko la mbabula mpaka makaa yaifanye nyekundu, na hiyo ikatoboa mbegu ngumu. Waya wa shaba tuliutoa kwenye mota zilizokufa. Tulikuwa pia na mkasi, tupa ya kulainisha waya ili usichane sikio la mtu, na nta ya nyuki kutoka kwa wauza asali.

Nta ni ya kupitisha kwenye uzi. Uzi wa pamba ukipakwa nta haufumuki, hauogopi jasho, na fundo linakaa mahali ulipoliweka. Na fundo, dada zangu, linafungwa baada ya kila shanga. Unafunga kitanzi, unaingiza ncha ya sindano ndani ya kitanzi, unakisukuma mpaka kiguse shanga, ndipo unavuta. Ni kazi ya polepole kama mwandiko wangu. Nilikaa kwa mama huyo miaka mitatu, na siku ya kuniaga alinipa koleo mbili, moja ya ncha bapa na moja ya ncha ya duara. Mama yangu alipoziona alizibusu.

Sasa nafika mahali ambapo sikutaka kuandika. Dada katibu, hapa usisome haraka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipopata kazi yangu ya kwanza kubwa. Shangazi wa msichana mmoja wa hapa mjini alikuja nyumbani kuniagiza shanga za kiunoni za harusi, nyuzi saba. Nyinyi mliotoka mbali labda hamjui inavyofanyika katika nyumba nyingi za hapa. Anayefunga shanga za bibi harusi anakwenda kumpima yeye mwenyewe, ndani chumbani, kwa uzi uliozungushwa kiunoni. Anampima amesimama, anampima amekaa, anampima amepiga magoti, kwa sababu siku ile atapiga magoti mbele ya wazee wengi, na kiuno cha mtu aliyepiga magoti si kile cha aliyesimama.

Mimi nilifika mpaka kwenye mlango wao. Nilisikia wanawake wengi ndani, wanacheka, wanaimba. Nikawaza nitaingia, watanyamaza, wataniangalia, nitamwambia msichana nisiyemjua afungue kikwembe alichojifunga kiunoni. Nikageuka nikarudi nyumbani. Nilikuwa nimemwona sokoni mara mbili, nikaona tunalingana. Nikajipima mimi mwenyewe, nimesimama.

Kosa la pili lilitoka kwenye la kwanza, maana mtu akianza kujificha anaendelea. Siku zilikuwa chache. Jirani yetu alitoka Lokandu na nailoni ya nyavu, akaniachia vibunda viwili vitatu vya zamani. Nikafikiri, uzi unaomvuta samaki mkubwa kutoka mto Lualaba utashindwa na shanga? Nailoni inateleza, fundo halikai vizuri juu yake. Basi sikufunga fundo kati ya shanga. Nilizipanga tu moja nyuma ya nyingine, nikafunga mwanzo na mwisho. Zilipendeza. Nyuzi saba niliwapa watoto wa pale mlangoni, wakaziingiza ndani.

Siku ya harusi nilialikwa, nikasimama nyuma ya wanawake wengine. Bibi harusi akatoka, akapiga magoti mbele ya bibi yake mzaa baba. Akainama kupokea baraka. Tukasikia tik. Halafu tik nyingine. Halafu shanga zikaanza kutoka chini ya kikwembe chake, nyekundu, nyeupe, bluu, zikidunda kwenye sementi kama mvua ya mawe, na watoto wakaanza kuzikimbilia huku na huku chini ya viti. Wapiga ngoma wakaacha. Msichana yule hakuinuka, alibaki ameinama. Mzee mmoja akasema ni dalili mbaya kwa ndoa. Shangazi akauliza kwa sauti ya kawaida tu ni nani alifunga vitu hivi. Nilitoka kwa mlango wa jikoni.

Kesho yake shangazi alikuja nyumbani kwetu na sahani ya shanga, akaiweka chini mbele ya mlango. Alimwambia mama yangu, siyo mimi, kwamba binti aliyemzaa amewaaibisha mbele ya koo mbili, na kwamba ndoa ikiharibika watajua pa kuja. Watoto wa mtaa wakaniita fundi wa mvua. Nikipita wanainua mikono juu ya vichwa kama wanajikinga.

Nilianguka pale. Sikunywa pombe, sikuiba, mkisikia ushuhuda labda mnangoja mambo kama hayo. Mimi nilianguka kwa kukaa ndani. Nilifunga vyombo vyote kwenye kitambaa. Koleo mbili nilimpelekea fundi wa baisikeli anayekaa njia panda, yule aliyekuwa akitugawia nyaya za breki, akanipa mchele. Nilikwenda shambani kabla watu hawajaamka na nilirudi nikipita nyuma ya nyumba. Wanawake waliokuwa wameniagiza vitu vidogo walikuja, nikamwambia mama aseme sipo. Ikapita mvua moja na kiangazi kimoja. Nilijiambia mimi ni mtu wa haya, haya ni adabu, acha wenye midomo wafanye kazi ya watu.

Kitu kilichoniinua hakikuwa mahubiri. Siku moja nilirudi na mihogo, nikamkuta mama amekaa kizingitini na mkufu wa mbegu mapajani. Alikuwa ameuma waya. Aliuvuta pembeni kwa nguvu, akaguna, na nikaona damu kwenye mdomo wake wa chini. Hakuwahi kuniuliza koleo ziko wapi, kumbe siku zote alijua. Alikuwa amerudi kwenye meno, na safari hii si mtu mwenye silaha aliyemnyang'anya koleo. Ni mimi.

Niliweka mihogo chini nikaenda njia panda hapo hapo, mchana, kwa barabara kubwa. Fundi wa baisikeli aliponiona alicheka, akasema koleo zangu sasa zinanuka mafuta ya mnyororo, shanga zitakataa. Nilimwambia nitamrudishia mchele wake. Akasema mchele aliokula mtu mwingine haurudi, nichukue tu, ila moja imevunjika ncha, aliilazimisha kwenye pedali. Aliniomba radhi. Akanipa na waya mzima wa breki. Ile ya ncha bapa nikampelekea mama. Ile iliyovunjika niliisugua kwa tupa mpaka ikapata ncha nyingine, fupi, na mpaka leo ndiyo ninayoipenda.

Kisha nikavuka mto kwenda Alunguli. Nilimweleza fundi wangu yote, kwamba sikupima, sikutia nta, sikufunga mafundo. Nililia sana. Nilitegemea atanikemea na kunisamehe, nirudi nyumbani nimepona. Aliendelea kupanga shanga zake. Akasema, "Unaniambia mimi ya nini? Mimi njo nilizivaa?"

Nikamwambia siwezi kwenda kule.

"Basi kaa hapa," akasema, "lakini koleo nilikupa za kazi, sikukupa za kutunza. Enda kwa mwenye kiuno."

Ndugu zangu, nawaambia, mto ule siku ile ulikuwa mwembamba sana. Nilitamani mtumbwi usifike.

Nilifika kwa yule msichana, ambaye sasa alikuwa mke katika nyumba yake. Nilikuwa nimebeba blanketi, kopo, mkasi, nta, na ile sahani ya shanga. Alikuwa amekaa barazani, na alikuwa na mimba kubwa. Pembeni yake alikaa shangazi, akichambua mboga. Shangazi aliinua macho. "Huyu si njo fundi wa mvua? Leo unaleta radi?"

Maneno niliyoyapanga yalikimbia yote. Nilisema tu kwamba sikuja kumpima ile siku kwa sababu niliona haya, na kwamba nimekuja kumpima sasa.

Msichana akaangalia tumbo lake, akaniangalia mimi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulifikiri. "Na mimi zilinibana tangu asubuhi," akasema. "Nilisikia haya kusema. Nilifikiri mutu akivaa shanga za harusi lazima aumie kidogo."

Tulikuwa wawili wenye haya, na shanga zikasema mbele ya koo mbili kile ambacho sisi tulishindwa kusema chumbani.

Shangazi hakucheka. Aliniambia kama ninataka kufunga nitafungia hapo hapo, mbele ya macho yake, si nyumbani kwetu gizani na nyuzi za wavuvi. Nikatandika blanketi. Nikampima, amesimama, amekaa, amepiga magoti huku akishikilia bega langu kwa sababu ya tumbo. Kiuno ni kiuno, nikaona hakuna aliyekufa. Nikapaka uzi nta, nikaanza. Shanga, fundo. Shanga, fundo. Majirani walikuja kuangalia. Watoto waliinua mikono juu ya vichwa. Nilifunga uzi mmoja siku ile, na wa pili kesho yake, na siku ya tatu nilipokuwa namaliza wa tatu, shangazi aliacha mboga zake. Akaniambia nimpe ule wa kwanza.

Akauvuta kwa mikono miwili kwa nguvu zake zote. Haukukatika. Akauvuta tena. Kisha akainama, akachukua mkasi wangu mwenyewe kutoka kwenye blanketi, akaukata uzi katikati.

Nilifumba macho. Nilisubiri ile sauti.

Nilisikia tik moja. Nilipofumbua, shanga moja nyekundu ilikuwa inazunguka kwenye sementi, peke yake. Nyingine zote zilikuwa zinaning'inia mkononi mwa shangazi, kila moja imekaa kati ya mafundo yake, hakuna iliyosogea. Shangazi aliutikisa uzi. Akautikisa tena. Akamwambia mtoto mmoja aokote ile iliyoanguka, akaniwekea kiganjani.

"Funga tena," akasema. Na baada ya muda, akiwa amerudi kwenye mboga zake, "Ukimaliza yake, unipime na mie. Lakini mie niko munene, kuja na uzi mingi."

Ndugu zangu, nilicheka kwa sauti, mimi huyu.

Siku ile ndiyo siku yangu. Nyuzi saba nilizimaliza. Mtoto alipozaliwa nilimfungia uzi wake mdogo wa kiunoni, ule wa kumwangalia kama ananenepa, na nimeulegeza mara nne. Ndoa yao iko, na nikipita pale napewa chai. Bado wapo wanaoniita fundi wa mvua, ila sasa wanakuja na kiuno mkononi, yaani wanauliza nitapata nafasi lini. Mama ana koleo yake. Na sisi wawili tuna meza chini ya kivuli cha nyumba, watu wanapita, wengine wanasimama.

Namshukuru mama yangu, ambaye hakuniuliza. Namshukuru fundi wa Alunguli, ambaye alikataa kunifariji. Namshukuru fundi wa baisikeli kwa koleo yenye ncha fupi. Namshukuru yule mke kwa kicheko chake, na shangazi yake kwa mkasi, maana angesema tu kwamba kazi ni nzuri nisingeamini mpaka leo. Nawashukuru nyinyi wa kikundi mlionipokea nikiwa siongei, na hamkunilazimisha kuongea.

Wasichana mliofika juzi, nawaomba mshike hili moja. Vyombo mtavipata kidogo kidogo, na mkikosa tutaazimana. Lakini kupima ni chombo pia, na hicho hakuna anayeweza kukuazima. Lazima uingie chumbani, umwambie mtu asimame, akae, apige magoti, na umwulize kama inabana. Na umwulize mpaka ajibu, kwa sababu labda ana haya kuliko wewe.

Na nyinyi wa Lokandu na Lubutu mtakaosomewa haya, niandikieni. Niambieni kule kwenu mnapata uzi gani unaoshika nta, na mbegu gani nyeusi ambayo haiozi, sisi zetu zinaliwa na wadudu. Msihangaike na mwandiko, nimeshawaonyesha wangu. Na chini ya barua yenu mniwekee mstari mmoja tu kuhusu kazi mliyoiharibu, na kama mmekwisha kurudi kwa yule aliyeivaa. Kama bado hamjarudi, andikeni hivyo hivyo, nami nitawajibu kwanza kabla ya wengine.